Injini ya mjomba

Mwaka 2014 mjomba aliiuza injini yake ya petroli kwa watu wa vyuma chakavu. Ilikuwa kuukuu, yenye magurudumu mawili mazito, moja kila upande, na kwa miaka mingi ndiyo iliyovuta maji ya ziwa kumwagilia nyanya zake kule Ilemela. Kabla hawajaipakia kwenye mkokoteni nilichukua futi kamba na daftari nikaipima yote. Nilitaka kumtengenezea nyingine, nusu ya ukubwa ule, na iwake kweli.

Mwili niliusubu kwa alumini ya pistoni mbovu na sufuria zilizotoboka, kwenye ukungu wa mchanga. Fundi mmoja wa Igogo akanikerezea silinda ya chuma. Plagi ilikuwa ya pikipiki, uzi wa milimita 10. Niliipenda zaidi vali ya kuingizia: haisukumwi na kitu chochote. Springi yake ni laini kama ya kalamu; pistoni ikishuka, mvuto wake wenyewe unaifungua.

Siku ya kuiwasha ilipiga mara moja, ikazima. Tena, hivyo hivyo. Nikashuku vali ya moshi inavuja. Nikamimina mafuta ya taa kwenye tundu lake, yakatulia bila kupenya hata tone. Cheche ilikuwepo. Wiki mbili nilihangaika na kabureta peke yake.

Mjomba akaja. Nilipomwamkia aliitikia huku macho yako kwenye injini. Hakugusa kabureta. Alifungua gurudumu moja, akalipima mkononi kama mtu anayepima sato pale Mwaloni kabla ya kutaja bei.

"Mjomba, hili jepesi. Litabeba nini?"

Magurudumu nayo nilikuwa nimeyasubu kwa alumini, kwa vile yalitoka yanang'aa. Katika kila mizunguko miwili injini hupata nguvu mara moja tu. Kutoa moshi, kuvuta na kubana, yote hayo hubebwa na uzito wa gurudumu linapozunguka. Na injini ya aina ile hudai zaidi: ikishika kasi, gavana, yaani kifaa cha kudhibiti kasi, huishikilia vali ya moshi ikae wazi, haiwaki, inazunguka bure mpaka kasi ishuke ndipo ipige tena. Chuma, kwa umbo lilelile, huizidi alumini uzito zaidi ya mara mbili na nusu.

Nikatafuta puli mbili kuukuu za mashine ya kusaga unga, fundi akazikereza.

Jumapili jioni niliizungusha kwa mkono. Tu! Kisha ikahema, fff, fff, fff, magurudumu yakienda yenyewe. Tu! Nililegeza springi ya gavana ipungue kasi. Mjomba alivuta kigoda, akafumba macho, akawa anakunja vidole kuhesabu mihemo kati ya mpigo na mpigo.

"Sita," akasema. "Ile kubwa nayo ilikuwa sita. Iache hapo hapo, usiiguse."

Tukaiacha mpaka petroli ikaisha.