Bustani Inapoagana na Masika

Wageni wanaohamia Mtwara kikazi kutoka mikoa ya nyanda za juu hupenda kusema kwamba huku kwetu kuna majira mawili tu, ya joto na ya joto zaidi, na kwamba anayetaka kuona majani yakigeuka rangi na kupukutika afunge safari ya Ulaya mwezi wa Oktoba. Kuhusu joto sina ubishi nao. Kuhusu majani ninalo la kusema, kwa kuwa kila mwaka, kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni, ua wangu wa hapa Mikindani hupitia badiliko ambalo mtu yeyote mwenye jembe na muda wa kutazama hawezi kulikosa.

Kwanza ieleweke kwamba mikoa ya Mtwara na Lindi haina vuli na masika kama walivyonavyo wenzetu wa Tanga na Dar es Salaam. Sisi tuna msimu mmoja wa mvua, ule ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huutaja kuwa wa Novemba hadi Aprili, na ukishakatika, manyunyu ya hapa na pale yanayofuata hayawezi kuotesha hata mchicha. Ndiyo maana dalili za mwisho wa mvua huku ni jambo la kulitilia maanani, kwa sababu bustani inaingia katika nusu ya mwaka ambayo itategemea kisima, ndoo na akili ya mwenye nyumba.

Dalili ya awali ni upepo. Kaskazi, iliyokuwa ikituletea mawingu kutoka baharini, inalegea, zinapita siku kadhaa za upepo usiojulikana unakotoka, kisha kusi linashika hatamu. Mimi hulitambua kwa migomba iliyo nyuma ya jiko, ambayo majani yake ya upande wa kusini huanza kuchanika vipande vyembamba wakati yale ya upande wa pili yangali mazima. Mbayuwayu waliokuwa wakijipanga juu ya nyaya za umeme huwa wameshaondoka kurudi Ulaya kuzaliana, na vyura wa kwenye mtaro wamenyamaza. Hata hivyo upepo peke yake si shahidi wa kutosha. Mwanzoni mwa Mei 2024, wakati wengi tulikwisha kuihesabu mvua kuwa imepita, kilikuja Kimbunga Hidaya na mvua kubwa hata barabara ya kutoka Dar es Salaam kuja Lindi ikakatika upande wa Kilwa.

Shahidi asiyedanganya ni jua. Mtwara iko takribani nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na katika wiki ya tatu ya Februari jua la mchana hupita juu ya utosi likielekea kaskazini. Kuanzia hapo kivuli cha nyumba saa za mchana huangukia kusini, na kila wiki kinasogea zaidi, mpaka kufikia Juni ukuta wenye kimo cha mita 3 unatupa kivuli cha mita 2 hivi. Tuta langu la nyanya chungu lililo chini ya ukuta wa kusini, ambalo mwezi Desemba lilikuwa likiungua, sasa linashinda kivulini, na hapo ndipo ninapohamishia mboga za majani zisizopenda jua kali. Jioni nazo zinafupika. Mwezi Februari adhana ya Magharibi husikika saa kumi na mbili na dakika arobaini na kitu, lakini mwishoni mwa Mei inasikika saa kumi na mbili ikiwa na dakika chache tu, kwa hiyo anayemwagilia baada ya kutoka kazini amepokonywa zaidi ya nusu saa ya mwanga bila ya mtu kumtangazia.

Mti unaostahili kutazamwa kwa karibu ni mkungu ulio langoni. Jani la mkungu ni pana kuelekea ncha na jembamba kuelekea kikonyo, nalo linapozeeka halibadiliki lote kwa pamoja. Rangi huanzia kwenye kingo na katikati ya mishipa, ikawa ya shaba, kisha ikakolea mpaka kuwa damu ya mzee, huku mshipa mkuu ukibaki wa manjano, hivyo kwamba ukiliinua kulielekeza kwenye jua unaona mifereji yote ambayo maji yalikuwa yakipitia. Kinachotokea ndani yake ndicho kinachotokea kwenye miti ya Ulaya: klorofili, yaani rangi ya kijani ya jani, inavunjwavunjwa, naitrojeni inarudishwa matawini ili isipotee, rangi za manjano zilizokuwa zimefunikwa na ukijani zinajitokeza, na anthosayanini, ambayo ndiyo inayoleta wekundu, inatengenezwa upya. Tofauti iko kwenye kinachouamrisha mti. Kule ni baridi na ufupi wa siku. Huku kwetu, kwa sehemu kubwa, ni ukavu, kwani jani pana ni mlango wa kupotezea maji, na mti wenye busara huufunga mlango huo mapema.

Muhogo hufanya jambo hilo hilo bila urembo wowote. Majani ya chini yanageuka manjano na kudondoka kwanza, yakiacha makovu yaliyopangana juu ya shina, na yale machanga ya kileleni yanakuwa madogo na magumu, hata kisamvu kinachochumwa Juni kinahitaji kutwangwa kwa muda mrefu zaidi na nazi ya kutosha ili kulainika. Utitiri wa kijani, mdudu aliyeingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1970, naye hustawi zaidi mvua zikikoma, kwa hiyo si kila kilele kilichosinyaa ni cha kusingizia ukavu. Inafaa kugeuza jani na kutazama upande wake wa chini.

Maboga yanatoa dalili iliyo wazi kuliko zote. Mashina yake yaliyokuwa yametambaa mpaka ua wa jirani yanakauka kuanzia kwenye mizizi, na majani yanapata vumbi jeupe. Boga lililokomaa hulijui kwa ukubwa wake. Unalijua kwa kikonyo, ambacho huacha kuwa laini chenye maji na kuwa kigumu mithili ya ukuni, na kwa ngozi ambayo ukiikwaruza kwa ukucha haikubali alama. Boga la namna hiyo, likikatwa pamoja na kipande cha kikonyo chake na kuwekwa mahali pakavu, litadumu kwa miezi.

Hadi hapa mtu angeweza kudhani kwamba ninaeleza bustani inayokufa, na hapo ndipo kulinganisha kwetu na Ulaya kunapogonga mwamba. Katika wiki zile zile ambazo mkungu unavuliwa nguo, mikorosho miwili ya nyuma ya nyumba inachipua. Mkorosho asili yake ni Brazili na uliletwa pwani hii na Wareno katika karne ya 16, lakini umejifunza majira yetu vizuri kuliko wageni niliowataja: mizizi yake inafika chini sana, na ukavu unaoutisha mkungu kwake ni ishara ya kutoa majani mapya, mekundu ya kahawia na laini kiasi cha kupindika bila kuvunjika, ambayo baadaye yatafuatwa na maua. Mbaazi zilizopandwa pamoja na mvua za kwanza, nazo zilizokuwa zikirefuka tu kwa miezi, zinaanza kushika vitumba. Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua, nami hudhani kwamba walimwonea, kwa sababu mbaazi zetu za asili, zile zinazokaa shambani muda mrefu, kweli husubiri siku zifupike ndipo zichanue. Kwa hiyo katika ua mmoja kuna kupukutika na kuchipua kwa wakati mmoja.

Jambo linaloniudhi katika kipindi hiki ni moshi. Kila asubuhi ua unafagiliwa, majani yanarundikwa, na kufikia saa mbili mtaa mzima unanuka majani yaliyochomwa. Bibi wa nyumba ya pili, ambaye namheshimu katika kila kitu kingine, huniambia, "Mwanangu, majani hufuga nyoka," na sikatai kwamba rundo lililoachwa karibu na mlango linaweza kufuga. Lakini ardhi yetu ya hapa ni mchanga mtupu usioshika maji, na kuyateketeza majani wakati mvua ya kweli iko mbali mpaka Novemba au Desemba ni kuunguza blanketi usiku wa baridi unapoanza. Mimi huyatandaza kwenye mashina ya migomba na ya mpapai, mbali na nyumba, kwa unene wa kiganja, nikiacha nafasi kidogo kuzunguka shina lenyewe ili lisioze. Udongo chini yake hubaki na unyevu siku kadhaa baada ya tuta lililo wazi kukauka.

Kazi inayofuata ni ya mikorosho. Majani machanga na maua ndiyo yanayoshambuliwa na ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu ulioripotiwa nchini kwa mara ya kwanza mwaka 1979, na umande wa usiku wa kipupwe ndio unaoupa nafasi. Kinachosaidia kabla ya dawa yoyote ni kupunguzia matawi yaliyosongamana na kufyeka maotea chini ya mti, ili hewa ipite na umande ukauke mapema. Kwangu kazi hiyo imekwisha. Majirani wenye mashamba upande wa Naliendele wameshaanza kuulizana bei ya salfa, dawa ya unga ya ubwiri, na zitakapowashwa mashine za kupulizia, kabla jua halijachomoza na upepo haujaamka, mimi itanibidi nianze kuanika nguo za watoto ndani.