Jinsi nilivyoficha bomba la choo bila kutindua ukuta

Nyumba yetu ya Kibokoni ni ya mawe ya matumbawe na chokaa. Bomba la choo la inchi 4 lilipita wazi kando ya ukuta wa bafu, na uchafu ukijazana nyuma yake. Fundi alitaka kutindua ukuta alifukie humo. Nilikataa: kuta hizi ndizo zinazobeba dari.

Tukalijengea sanduku. Kabla ya kufunika tulipima mteremko, sentimita 2.5 kwa kila mita, kisha tukamwaga ndoo za maji na kupapasa kila kiungio kwa karatasi ya shashi. Kimoja kililowesha karatasi. Kikakatwa, kikafungwa kipya. Hatua hii msiiruke hata fundi akiwa na haraka namna gani!

Fremu ni ya alumini, maana chumvi ya pwani haina simile na chuma. Juu yake vibao vya saruji, si jipsamu inayonywa maji, halafu vigae. Mbele ya kizibo cha bomba, kinachofunguliwa ili kulizibua likiziba, niliacha kigae kinachofunguka kwa skrubu zisizoshika kutu. Sehemu ya juu tumeiinamisha kidogo, maji yasituame.