Nilivyomwombea shemeji msamaha wa Mfalme wa Uholanzi

Mama mdogo alinipigia simu kutoka Tanga siku ya Muungano. Redio ilikuwa imetangaza wafungwa waliosamehewa na Rais, naye akapiga hesabu zake. "Mwanangu, huko kwenu si kuna Mfalme? Hana siku yake?" Nikamwambia anayo, tena ni kesho, 27 Aprili, siku aliyozaliwa Willem-Alexander. "Basi shemeji yako kesho yuko huru," akasema, na simu akakata.

Kesho yake Rotterdam nzima ilivaa rangi ya chungwa, watu wakatandaza vyombo vyao vya zamani barabarani wakiuza. Msamaha hatukuusikia. Mimi sikushangaa, kwa sababu tangu Februari nilikuwa nikihangaika na ombi hilo, na nilishajifunza kwamba huruma ya Mfalme huku hupita kwenye faili, mtu mmoja mmoja.

Shemeji alimpangisha mtu chumba cha darini "aweke mizigo". Mizigo ikawa miche ya bangi na mataa ya kuioteshea. Kwa kuwa alishawahi kuingia kwenye kesi kama hiyo, mahakama ilimpa kifungo cha miezi 3. Hakukata rufaa. Hukumu ilipokwisha kuwa ya mwisho, figo za dada zikafeli, akaanza kwenda kusafishwa damu mara 3 kwa wiki, na watoto wawili wadogo wakabaki mikononi mwa baba yao. Ndipo ikaja barua ya kumtaka shemeji ajipeleke gerezani mwenyewe, tarehe na saa zimeandikwa.

Kosa letu la kwanza lilikuwa pesa. Kuna mtu tulimlipa euro 200 atuandikie ombi, akatuletea kurasa mbili za machozi zinazoanza na "Mtukufu Mfalme". Baadaye nikagundua kwamba kuomba ni bure. (Shemeji mpaka leo hapendi nilitaje hili.)

Kwenye ofisi ya ushauri wa sheria wa bure, dada mmoja alizisoma zile kurasa, akazifunika kwa kiganja. "Hapa umeeleza mnavyoumia," akaniambia. "Sasa nieleze hakimu hakujua nini." Akanifafanulia sheria yao ya msamaha ya mwaka 1987. Ina milango miwili tu. Wa kwanza ni hali ambayo hakimu hakuizingatia, au hakuizingatia vya kutosha, na ambayo kama angeijua vizuri angeamua vingine. Wa pili ni pale inapoonekana kwamba kuendelea na adhabu hakuna tena maana yoyote ya kisheria. Sisi mlango wetu ulikuwa wa kwanza: ugonjwa ulikuja baada ya hukumu.

Nikamwuliza, Mfalme anaingia wapi? Akacheka. Ibara ya 122 ya katiba yao inasema msamaha hutolewa kwa agizo la kifalme, lakini baada ya ushauri wa mahakama. Ombi hupokelewa na idara iitwayo Justis, chini ya wizara ya sheria, kisha mahakama iliyotoa hukumu huulizwa maoni yake. Mfalme hutia saini, waziri naye hutia yake kando, na lawama zote ni za waziri, maana ibara ya 42 inasema Mfalme hagusiki. Yeye hachagui wa kumsamehe.

Ila yupo aliyewahi kugoma. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Mjerumani Willy Lages, aliyekuwa mkuu wa usalama wa Wanazi mjini Amsterdam, alihukumiwa kifo kwa aliyoyatenda huko. Malkia Juliana, aliyekuwa akitawala Uholanzi wakati huo, hakutaka kutia saini anyongwe wala apigwe risasi. Serikali ndiyo iliyorudi nyuma, na mwaka 1952 adhabu ikageuzwa kifungo cha maisha. Kisa hicho kilinikaa kichwani kuliko vifungu vyote, ingawa kwa shemeji yangu hakikusaidia kitu.

Kazi ikawa kutafuta karatasi. Nilimwomba daktari wa dada aandike kwamba mume akifungwa mgonjwa atateseka. Akakataa kwa upole: daktari anayetibu huku haandiki maoni ya namna hiyo, hutoa taarifa za matibabu tu. Nilitoka nimenuna. Kumbe ile ratiba aliyonichapia, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa muda wa saa nne kila mara, ndiyo iliyobeba ombi. Nikaiambatanisha na barua ya shule inayoonyesha nani huwachukua watoto, nikaomba kifungo kigeuzwe kazi za kijamii. Barua yetu safari hii haikufika hata kurasa mbili. Kwa kuwa adhabu ilikuwa fupi na hajaianza, utekelezaji ulisimamishwa tukisubiri.

Jibu lilikuja Septemba: kifungo kimesamehewa kwa sharti la kufanya kazi saa 180. Hukumu yenyewe haikufutwa, imebaki kwenye rekodi, na siku akitaka kuendesha teksi ataomba hati ya mwenendo kwa Justis haohao.

Sasa Jumamosi huvaa kizibao cha kung'aa, akakusanya majani bustanini. Nilimtumia mama mdogo picha ya barua. Akaikuza, akaigeuza, akanipigia: "Mwanangu, saini ya Mfalme iko wapi?" Nikamwambia imebaki kwenye faili.