Penseli ya Binti Yangu na Furushi la Sudama

Binti yangu alipotimiza miaka 8, mwanafunzi mwenzake alimletea zawadi ya penseli na kifutio, zimefungwa kwa gazeti. Akafungua mbele ya wenzake, akacheka, akaweka kando. Yule mtoto akainamisha kichwa. Usiku nilimgombeza mpaka akalia, lakini nilijua analilia ukali wangu tu.

Sisi ni Wahindu wa Mombasa, asili yetu Gujarat, India, na hadithi za dini nimewasimulia wanangu tangu wadogo. Kosa langu, kila moja niliimalizia kwa mahubiri: "Umeona? Basi nawe usifanye hivi." Nikifika hapo, macho yao yameshahama.

Mama mkwe ndiye aliyenionyesha njia. Jioni moja alifunga konzi nne za pauva, mchele uliopondwa ukawa bapa, ndugu wa pepeta zetu za pwani, kwenye kitambaa kikuukuu. Akakificha mgongoni. "Mimi Sudama," akamwambia mjukuu wake. "Wewe Krishna."

Kisa chenyewe kimo katika Bhagavata Purana, mojawapo ya maandiko yetu matakatifu, kitabu cha 10. Wawili hao, Krishna mungu wetu na Sudama rafikiye, walisoma kwa mwalimu mmoja, Sandipani. Baadaye Krishna akatawala mji wa Dwarka, Sudama akabaki fukara. Mkewe aliomba pauva kwa majirani ili mumewe asiende kumwona rafikiye mikono mitupu. Sudama alipoiona fahari ya jumba akaona haya, akaficha furushi. Krishna akalinyakua, akala konzi moja kwa furaha. Ya pili, Rukmini, mke wa Krishna, akamshika mkono kumzuia. Sudama akarudi kwao bila kuomba chochote, akakuta kibanda kimegeuka kasri.

Basi binti yangu alilinyakua furushi kweli. Bibi anavuta huku, mjukuu kule, fundo likafunguka, pauva zikamwagika mkekani. Wakaziokota, wakala pamoja. Penseli haikutajwa. Ulimi uliniwasha, nikajizuia, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ngumu kwangu.

Siku ya tatu nikaiona penseli mkobani, imechongwa. Sikuuliza kitu.

Tangu hapo nasimulia hivyo: watoto wanashika, wanaigiza, mimi nanyamaza. Mdogo wake binti yangu alituzunguka mimi na babake kama mungu Ganesha alivyowazunguka wazazi wake, Shiva na Parvati, hadi kizunguzungu kikamshika.

Juzi taa imeshazimwa, binti akaniita. "Mama, wale majirani waliotoa pauva, walirudishiwa?"

Nikamuuliza yeye angewarudishia nini. Akanyamaza kitambo, kisha akasema angewaita wote kasrini, waje wale.