Siku Tuliyojifanya Tumepoteza Kila Kitu

Nilipokubali wadhifa wa afisa mkuu wa teknolojia katika kampuni changa yenye wahandisi wachache na wateja waliokuwa wakiongezeka kwa kasi, waanzilishi walitarajia nianze kwa kuandika msimbo wa sehemu mpya ya malipo, ambayo mteja mmoja mkubwa alikuwa ameahidiwa. Mimi niliomba kwanza siku moja ya zoezi: tuchukulie kwamba seva kuu imeteketea, kisha tujaribu kurejesha kanzidata yote, yaani hifadhi ya data zetu, kwenye seva tupu kutoka katika nakala za akiba.

Mkurugenzi mtendaji, ambaye namheshimu hadi leo, hakuona sababu ya kusimamisha kazi ya mteja kwa ajili ya janga ambalo halijatokea, hasa kwa kuwa nakala zilichukuliwa kila usiku na ripoti ilifika asubuhi ikisema kila kitu ki shwari. Nilimweleza yaliyoipata GitLab, kampuni inayowahifadhia watengenezaji programu msimbo wao, tarehe 31 Januari 2017, pale mhandisi aliyekuwa akipambana na hitilafu alipofuta takriban gigabaiti 300 za data kwenye seva ambayo hakuikusudia. Walipokimbilia nakala zao waligundua kwamba utaratibu wa kuzichukua ulikuwa umeacha kufanya kazi bila mtu kujua. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa 6 hivi kabla ya tukio, na data ya saa hizo ikapotea. Kampuni hiyo iliyaeleza yote hayo hadharani, na kwa maoni yangu uwazi ule umetusaidia wenye kazi hii kuliko mafunzo mengi ya darasani. Mkurugenzi alinikubalia.

Zoezi nilimkabidhi mhandisi mgeni kuliko wote, nikawaomba wenzake wasimsaidie, kwa sababu siku ya balaa lenyewe huenda anayejua kila kitu akawa safarini. Alifuata maelekezo yaliyoandikwa, hatua kwa hatua. Nakala ilipakuliwa salama na ukubwa wake ulikuwa sawa na uliotarajiwa. Ilikuwa imesimbwa, yaani imefichwa isisomeke bila ufunguo maalumu, kama inavyopasa kwa data za wateja, lakini ufunguo wa kuisimbua ulihifadhiwa mahali pamoja tu: ndani ya seva ileile tuliyoihesabu kuwa imeteketea.

“Mkuu, haifunguki,” alisema, akanigeuzia kioo cha kompyuta nisome mwenyewe.

Mhandisi aliyeuweka ufunguo pale alianza kujitetea, nikamzuia kwa upole. Nilichotaka kujua ni kwa nini utaratibu wetu wote uliridhika na ripoti ya kwamba nakala imechukuliwa, bila mtu kuuliza kama inafunguka. Marekebisho yenyewe hayakuchukua muda: ufunguo ulihamishiwa kwenye hifadhi ya siri iliyo mbali na seva zetu, watu wawili wakapewa ruhusa ya kuufikia, na zoezi likarudiwa hadi kanzidata ikarejea na kufanya kazi.

Kazi iliyokuwa yangu hasa ilianza baada ya hapo. Wengi hudhani cheo hiki ni cha mwandishi hodari kuliko wote wa programu, nami sikubaliani nao. Katika chumba kile wapo walioandika msimbo vizuri kuliko mimi, lakini hakuna aliyekuwa na jukumu la kwenda kuwaeleza waanzilishi hatari ile kwa lugha ya biashara. Sikuwatajia habari za usimbaji. Niliwaambia kwamba kama seva ingekufa usiku uliotangulia, asubuhi tusingeweza kumwambia mteja yeyote amelipa kiasi gani wala anadai nini, na nikapendekeza sehemu ya malipo icheleweshwe mpaka kila mfumo unaogusa fedha upitiwe kwa namna hiyohiyo.

“Na mteja tumwambie nini?” mkurugenzi aliuliza.

Nilijibu kwamba nitazungumza naye mimi mwenyewe, na nilimweleza ukweli ulivyo, pamoja na sababu ya kuchelewa. Hakukasirika. Aliomba taarifa ya zoezi, akaisoma, kisha akataka zoezi kama hilo lifanyike kila robo mwaka na matokeo yake apelekewe kwa maandishi. Mkataba uliposainiwa, sharti hilo lilikuwa na kifungu chake, na aliyetajwa kuwajibika nalo alikuwa afisa mkuu wa teknolojia.