Kwa nini ninaitetea itifaki

Watu wengi wakisikia neno itifaki huwaza zulia jekundu, gwaride la heshima na mizinga 21, na hawakosekani wanaonung'unika kwamba muda unaopotea katika kupanga viti ungetumika kuzungumzia mambo ya maana. Mimi nimefuatilia mambo ya diplomasia kwa miaka mingi, na kadiri ninavyoyafuatilia ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kupanga viti ni jambo la maana lenyewe, kwa kuwa ndiko kunakomlinda mnyonge.

Mwaka 1661, balozi mpya wa Sweden alipokuwa akipokewa London, magari ya farasi ya balozi wa Ufaransa na ya balozi wa Hispania yaligombea nafasi ya kutangulia katika msafara. Inasimuliwa kwamba Wahispania walikuwa wamejiandaa mapema, wakaficha minyororo ya chuma ndani ya mikanda ya ngozi ya farasi wao ili adui asiweze kuikata. Watu walikufa barabarani, farasi wa Wafaransa wakauawa, na mfalme Louis wa 14 akatishia vita, hata mwaka uliofuata Hispania ikakiri mbele yake kwamba mabalozi wake hawatashindana tena na wa Ufaransa. Damu hiyo ilimwagika kwa sababu hapakuwa na kanuni iliyokubaliwa na wote kuhusu nani atangulie, na pasipo na kanuni hutangulia mwenye nguvu.

Dawa yake ilipatikana katika Mkutano wa Vienna mwaka 1815, nayo ni nyepesi kiasi cha kumfanya mtu ashangae ilichelewa kwa nini: mabalozi wa daraja moja wapangwe kwa tarehe, pasipo kuangalia ukubwa wa nchi wala ukongwe wa ufalme. Mkataba wa Vienna wa Uhusiano wa Kidiplomasia wa mwaka 1961 uliidumisha kanuni hiyo katika ibara ya 16, unaosema kwamba kinachoangaliwa ni siku na saa ambayo balozi alianza kazi yake. Ukiacha nchi ambazo kwa mila humpa mjumbe wa Papa nafasi ya kwanza, maana yake ni kwamba balozi wa taifa la visiwa lenye watu wapatao 11,000, aliyewasilisha hati zake za utambulisho Jumatatu, humtangulia balozi wa dola yenye silaha za nyuklia aliyewasilisha zake Jumanne. Heshima si utumwa, walisema wahenga, na hapa huyo mkubwa hupoteza nini kwa kungoja zamu yake?

Kuna jambo dogo ambalo mimi hulitazama kwa makini kila zinapotoka picha za kutia saini mkataba wa nchi mbili. Mezani huwa na majalada mawili. Katika nakala itakayobaki na nchi moja, jina la nchi hiyo hutajwa kwanza na mwakilishi wake hutia saini upande wa kushoto, ambao ndio upande wa heshima. Katika nakala ya mwenzake mpangilio hugeuzwa. Nyuma ya kila mtia saini husimama ofisa ambaye hufungua ukurasa, hukausha wino, kisha hubadilishana majalada na mwenzake bila kusema neno. Kila nchi huondoka na karatasi ambayo ndani yake yenyewe ndiyo ya kwanza, na hakuna iliyodanganywa.

Mfano unaonitia uchungu ni ule wa meza ya Paris. Mazungumzo ya kumaliza vita vya Vietnam yalikwama kwa wiki nyingi hadi Januari 1969 kwa sababu ya umbo la meza. Vietnam Kaskazini ilitaka pande nne, ili chama cha wapiganaji wa kusini, waliokuwa wakipigana na serikali ya Vietnam Kusini, kionekane kuwa mshiriki kamili. Vietnam Kusini ilikataa, ikashikilia kwamba pande ni mbili tu. Wakati huo wote watu walikuwa wakiuawa, na sina neno la kulipamba hilo. Hata hivyo siwezi kusema walikuwa wakibishana juu ya mbao, kwa sababu swali lililokuwa mezani ni nani ana haki ya kuitwa upande, na hilo ndilo lililokuwa likipiganiwa hata vitani. Suluhu ikawa meza ya duara isiyo na bendera wala vibao vya majina, pamoja na meza mbili ndogo za makatibu zilizowekwa mbali nayo kwa sentimeta 45. Aliyetaka kuhesabu pande mbili alihesabu mbili, na aliyetaka nne alihesabu nne.

Kiti nacho husema. Tarehe 6 Aprili 2021 mjini Ankara, Rais wa Uturuki na Rais wa Baraza la Ulaya walikaa katika viti viwili vilivyokuwapo, na Ursula von der Leyen, Rais wa Kamisheni ya Ulaya, akabaki amesimama, kisha akaelekezwa kwenye sofa pembeni. Uturuki ilieleza kwamba viti vilipangwa kulingana na matakwa ya upande wa Ulaya. Yaliyozungumzwa siku hiyo wachache wanayakumbuka.

Inasimuliwa pia kwamba mwaka 1954, huko Geneva, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, John Foster Dulles, alikataa kupeana mkono na Zhou Enlai, waziri mkuu wa China. Rais wa Marekani, Richard Nixon, alilijua hilo alipotua Beijing tarehe 21 Februari 1972. Wasaidizi wake waliagizwa wabaki ndani ya ndege. Yeye akashuka ngazi akiwa na mkewe tu, akamwendea Zhou huku ameshanyoosha mkono.