Viti vinne vya Nairobi si viti vinne vya Dar

Shemeji yangu wa Tabata yuko Nairobi wiki hii, yeye, mkewe na mama mkwe. Jumapili alinitumia ujumbe wa sauti: "Ndege yenu ina viti vinne, shemeji. Sisi watatu, wewe wa nne. Tupeleke Zanzibar Jumamosi." Nilipomwambia haiwezekani, akasema Nairobi imenifundisha uchoyo. Neno hilo limeniuma kuliko bili ya karakana iliyofika siku hiyohiyo, nayo si ndogo. Namjibu hapa kwa kilo na lita, maana hayuko peke yake. Kila mwezi kuna mtu wa Dar, Tanga au Mwanza anayeniuliza jambo hilo kwa maneno mengine.

Ndege yenyewe ni Cessna 172N, ya injini moja ya farasi 160. Imesajiliwa Kenya kwa herufi za 5Y, inalala Wilson, uwanja wa ndege ndogo wa Nairobi, na tunaimiliki watu wanne kwa hisa. Kitabu chake kinasema uzito wa juu kabisa wakati wa kuruka ni kilo 1,043. Ikiwa tupu, pamoja na redio na vifaa vyake, yetu ina kilo 671. Zinabaki 372, na ndani ya hizo waingie watu, mabegi na mafuta. Shemeji ana kilo 95, mkewe 78, mama 70, mimi 82: jumla 325. Zinabaki kilo 47 za mafuta. Lita moja ya avgasi, petroli ya ndege za injini ya plagi, ina uzito wa gramu 720 hivi, kwa hiyo hizo ni lita 65. Injini hii napangia lita 35 kwa saa. Toa lita 26 za akiba ya dakika 45 ambazo siruhusu ziguswe, toa lita tano au sita za kuwasha, kutambaa hadi njia ya kurukia na kupanda. Zilizobaki hazifiki saa moja angani. Kutoka Wilson hadi uwanja wa Kilimanjaro (KIA) ni maili za anga 127, zaidi ya saa moja. Yaani hata KIA hatufiki, achilia mbali Zanzibar, na hapo hakuna aliyebeba hata kikapu.

Hiyo ni hesabu ya uzito tu. Nairobi ina hesabu ya pili ambayo sisi tuliozaliwa pwani hatukulelewa nayo.

Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Uwanja wa Dar haufiki 200. Kwa kimo cha Wilson, hewa ya kawaida inatakiwa kuwa na nyuzi 4 hivi. Mchana wa Februari kipimajoto kinasoma 28. Kila nyuzi iliyozidi, ongeza futi 120: nyuzi 24 ni karibu futi 2,900. Ndege inajiona iko futi 8,400 kabla magurudumu hayajaacha lami. Farasi 160 wanabaki kama 120. Propela inashika hewa nyepesi, bawa nalo vilevile. Ndege hii ikiwa na mzigo wake wote usawa wa bahari hupanda futi 770 kwa dakika. Hapa mchana huohuo hubaki 300 na kitu, mbele yako kuna majumba yanayoota kila mwaka, na upande wa pili ni Mbuga ya Nairobi yenye korongo na mwewe wanaopanda na joto lilelile. Ndiyo maana viti vinne vya Dar, hapa mchana navihesabu viwili.

Rubani aliyejifunzia usawa wa bahari hukosea mahali pawili akifika hapa. Kwanza, anaruka na kishikio chekundu cha mchanganyiko kikiwa kimesukumwa hadi mwisho, kama alivyozoea. Kwa kimo hiki injini inapewa petroli nyingi kuliko hewa, inakohoa na kupoteza nguvu ambayo tayari ni haba. Shika breki, fungua throto yote, vuta kishikio polepole hadi mizunguko ipande na kuanza kushuka, kisha rudisha kidogo upande wa petroli. Ndipo uachie breki.

Pili ni wakati wa kutua. Kipima mwendo kinasoma noti (maili za anga kwa saa) 65 zilezile za Dar, lakini mwendo halisi ni kama 72, kwa sababu hewa nyepesi inakipunja kipimo asilimia 2 hivi kwa kila futi elfu. Macho yanaona ardhi inapita kasi, mkono unavuta pua juu kupunguza, na bawa linaacha kuibeba ndege ikiwa bado juu ya kizingiti cha njia. Amini kipimo, usiamini nyasi. Na jua kwamba itateleza mbali zaidi kabla ya kusimama.

Dawa ya joto ni kuruka mapema. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi kukiwa na nyuzi 14, zile futi 8,400 zinashuka hadi 6,700, na tofauti hiyo utaisikia mgongoni. Lakini Nairobi haikupi kitu bure. Kuanzia Juni hadi Agosti, asubuhi hizohizo za baridi wingu linakaa chini kabisa, Ngong huioni, na mara nyingi linafunguka saa nne au saa tano. Unakaa na chai yako kibandani huku mafuta ya safari yakiwa yameshalipiwa. Januari na Februari asubuhi ni safi, basi safari za starehe nazipanga miezi hiyo.

Ukaguzi kabla ya kuruka nautaja kwa yale yanayoharibika hapa hasa. Avgasi ina madini ya risasi, na ukitambaa kutoka gereji hadi njia ya kurukia na mchanganyiko mzito, masizi yanaganda kwenye plagi za chini. Ukifika kupima magneto, mitambo miwili inayozipa plagi cheche, kwa mizunguko 1,700 kwa dakika, kitabu kinaruhusu kushuka 125 tu, na tofauti kati ya magneto mbili isizidi 50. Ikitetemeka, punguza petroli kwenye mchanganyiko, panda hadi 2,000 kwa dakika moja, pima tena. Mara nyingi inajisafisha. Isipojisafisha, rudi gereji, hata kama abiria wameshafunga mikanda na simu zimeshapiga picha. Chota mafuta kutoka kila bawa na kwenye chujio la injini, yatazame kwenye mwanga: yawe ya bluu, na chini pasiwe na tone la maji linalozunguka. Vifuniko vya matangi vina mipira inayopasuka kwa jua, na mvua ya usiku mmoja inaingia hapohapo. Mrija wa kipima mwendo uvae soksi yake kila unaposhuka. Nyigu wa udongo hahitaji siku mbili kuuziba, na utalijua hilo ukiwa unakimbia kuruka huku sindano ikiwa imekaa sifuri.

Sasa njia. Toka Wilson, pita Kajiado, kaa futi 9,500, kwa kuwa uelekeo uko chini kidogo ya nyuzi 180 na kanuni ya vimo kwa upande huo ni elfu za witiri na 500 juu yake. Kilimanjaro unaiacha kushoto, Meru kulia. Fika KIA kabla ya saa nne, maana baada ya hapo mlima unajivika mawingu na hewa inaanza kurusha. KIA iko futi 2,932, kwa hiyo kutoka 9,500 una futi 6,500 za kushuka. Kwa 500 kila dakika ni dakika 13, anza ukiwa na maili 25 mbele. Vuta joto la kabureta kabla ya kupunguza throto. Injini hii inaweza kuziba kwa barafu siku ya joto kabisa ikiwa hewa ina unyevu, na jambo hilo watu wa pwani hawaliamini mpaka liwapate.

Kutoka KIA hadi Zanzibar ni maili 211. Milima ya Pare na Usambara inakaa kushoto, barabara ya Same, Mombo, Korogwe iko chini yako. Naipenda kwa sababu ni lami na pembeni yake kuna mashamba ya mkonge yaliyonyooka. Kaskazi ukivuma, upepo unavuka milima na kuangukia upande wako, kwa hiyo usiikumbatie. Acha maili kumi. Ukifika pwani usikate bahari kwa mshazari. Shuka na ufuo hadi kusini ya Saadani, mahali mkondo unapopungua hadi maili 20 hivi, uvuke ukiwa futi 7,500. Injini ikizima, ndege hii inateleza maili moja na nusu kwa kila futi elfu. Kwa kimo hicho ni maili 11, yaani ukiwa katikati unafika ufuo mmoja au mwingine, ingawa kwa kubana. Maboya yavaliwe mwilini kabla ya kuondoka ufuoni. Boya lililo kwenye buti halimsaidii mtu.

Mafuta ya kurudi ndiyo yanayowakwamisha wengi. Kujaza matangi yote kunakupa lita 151 za kutumika, na safari ya kwenda inakula 110 hivi. Piga simu mwenyewe siku mbili kabla, uliza avgasi, taja neno hilo, usiulize "mafuta ya ndege", kwa sababu utajibiwa yapo na ukifika utakuta Jet A-1, mafuta ya jeti. Hayo yakiingia kwenye injini ya plagi, inawaka kwa mafuta yaliyobaki kwenye mabomba, inakuvusha uzio, kisha inakufa. Simama karibu na anayejaza. Soma maandishi ya pampu.

Karatasi nazo hazina undugu. Ndege ya 5Y kuingia Tanzania ni ndege ya kigeni, hata kama rubani amezaliwa Muheza. Ruhusa ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Tanzania, iombwe siku za kazi, mpango wa safari uwasilishwe, uingie kwa uwanja wenye uhamiaji na forodha, fomu ya abiria nakala kadhaa, pasi, na kadi ya homa ya manjano. Niliwahi kukaa juani kwenye uwanja mmoja wa kwetu kwa sababu ya nakala moja iliyopungua, na hilo lilinikera zaidi kwa kuwa lilitoka nyumbani.

Gharama nitaisema kwa kifupi. Lita 35 kwa saa ni karibu tanki zima la Vitz kila saa, na avgasi si bei ya pampu ya Mwenge. Lakini mafuta ndiyo sehemu ya kuonekana. Maegesho, bima, cheti cha kuruka cha kila mwaka: hivyo vinalipwa hata ndege isipotoka gerejini. Ikiruka, ongeza oili kila saa 50, ukaguzi kila saa 100, na akiba ya injini ambayo kiwanda kinataka ifunguliwe yote ikifika saa 2,000. Ukinunua hisa, dai kuona akiba ya injini ikiwa benki, si kwenye maneno. Soma bima pia, kwa sababu zipo zinazokataa viwanja vya murram, na kokoto za murram ndizo zinazotoboa ncha za propela. Usipime injini ukiwa juu ya kokoto.

Bili iliyofika Jumapili ilikuwa ya sanduku la moshi. Fundi wetu, Mkenya, hana salamu zetu ndefu. Unamwamkia, yeye anasema "sema, boss," basi. Miaka ya mwanzo nilimwona hana adabu. Wiki iliyopita alifungua kifuniko ambacho hakikuwa kwenye orodha ya kazi, akaniita, akanionyesha kwa kurunzi ufa mwembamba kama unywele kwenye sanduku la moshi, ukiwa na vumbi jeupe pembeni. Hita ya ndege hii inavuta hewa yake pale. Asubuhi za baridi za Nairobi tunafungua hita, na ufa ule ungetuletea hewa ya sumu isiyo na harufu. "Hii haitoki," akasema, akafunga funguo kwenye droo yake. Ningekaa na fundi huyo miaka ishirini bila salamu.

Kwa vijana wanaotaka kuja: leseni ya binafsi ni saa zisizopungua 40, kumi kati yake peke yako, na safari moja ya maili 150 yenye kutua viwanja viwili. Karibu kila mtu huzidi hizo 40, weka fedha ya 60. Mkiwa na leseni ya kwetu, haitoshi peke yake kurusha 5Y. KCAA, mamlaka ya anga ya Kenya, waithibitishe kwanza. Na msije na pasi ya kuingilia mkaanza kazi mkisubiri kibali, hata mkiambiwa wote wanafanya hivyo.

Shemeji, umesoma mpaka hapa. Jumamosi, saa kumi na mbili kamili, Wilson. Namchukua mama peke yake, mbele, na begi laini lisilozidi kilo kumi. Sanduku gumu haliingii. Wewe na shemeji wa kike pandeni basi la Namanga Ijumaa asubuhi, mlale Moshi. Tukutane KIA tunywe chai, kisha mama achague mwenyewe kama anaendelea na mimi au na ninyi.